Flashi Imejaa Shotikati? Mwongozo Kamili wa Kurudisha Mafaili Yako

Swali ni lile lile, anabadilika mwenye flashi tu: nimetoka kuprinti, nimefika nyumbani, folda zangu zote zimegeuka shotikati, nifanye nini? Majibu nayo ni yale yale. "Iformati." "Weka antivirusi." "Andika attrib." Kila jibu lina ukweli wake, lakini likifanywa peke yake linakuacha pabaya kuliko mwanzo. Aliyeformati amepoteza kazi yake. Aliyeweka antivirusi ameikuta flashi tupu, akailaumu antivirusi. Aliyeandika attrib, amri ya Windows ya kuondoa alama za kufichwa, aliyaona mafaili yakirudi, akafurahi, na hajamaliza kufurahi shotikati nazo zikarudi.

Kinachowaangusha watu ni mpangilio. Mafaili yako hayajafutwa, yamefichwa na kirusi, na mahali pake kimeweka shotikati, yaani ikoni zinazoelekeza tu kwenye kitu kingine. Na kirusi hakiko kwenye flashi peke yake. Kama ulishabofya zile shotikati, kimeshahamia kwenye kompyuta yako. Kwa hiyo kompyuta inasafishwa kwanza, flashi baadaye. Ukianza na flashi, unapiga deki huku bomba bado linavuja.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na Windows 11. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili usihangaike kuyatafuta.

## Kwanza kabisa, acha kubofya

Watu wengi hawajui kwamba kwenye Windows za sasa kirusi hiki hakijiwashi chenyewe kwa sababu tu umechomeka flashi. Kinasubiri ubofye. Na kimetega vizuri: ukibofya shotikati iliyoandikwa "Ripoti", folda yako halisi inafunguka na kazi yako yote imo ndani. Unaona mambo shwari. Kumbe mbofyo ule ule umeendesha na programu nyingine kimyakimya, na hiyo sasa inakaa kwenye kompyuta ikisubiri flashi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo kuanzia sasa hivi hadi mwisho wa mwongozo huu, usibofye mara mbili kitu chochote kilichomo kwenye flashi hiyo. Hata "kuangalia tu kama bado ipo".

## Utakachohitaji

- Flashi yenyewe, bila kufuta chochote na bila kuongeza chochote.
- Kompyuta yenye Windows ambayo una mamlaka nayo. Kama ni ya ofisini, mwite mtu wa kompyuta wa ofisi. Usianze kuzima programu kwenye mashine ya mwajiri.
- Intaneti kiasi, kwa ajili ya kusasisha kinga ya Windows.
- Nafasi kwenye kompyuta inayotosha kila kilichomo kwenye flashi.
- Muda wa kutosha. Kazi yenyewe ni fupi, kusubiri ndiko kurefu.

Huhitaji kununua kitu. Zile programu za "kuondoa virusi vya shotikati" zinazosambazwa kwenye magrupu achana nazo. Baadhi yake zinafanya kile kile utakachofanya hapa kwa mstari mmoja, na nyingine ni virusi vilivyobadilishwa jina.

## Hatua ya 1: Hakikisha ndio ugonjwa wenyewe

Fungua "This PC" na utazame flashi yako kwa nje, yaani ule mstari unaoonyesha nafasi iliyotumika. Kama mstari unasema GB 6 zimetumika kati ya 8, halafu ndani unaona vitu vya KB 1 au KB 2 tu, tulia. Mafaili yako yamo humo humo. Ripoti ya mafunzo kwa vitendo yenye kurasa 60 na picha haiwezi kuwa na KB 2, hata kama mwandishi wake aliiandika usiku mmoja.

Ukiingia ndani, weka mwonekano wa "Details" na utazame safu ya "Type". Pale ambapo palitakiwa kuandikwa "File folder" pameandikwa "Shortcut". Ikoni nazo zina mshale mdogo kwenye kona ya chini kushoto.

Ukitaka uhakika kamili, chagua shotikati moja, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, ingia "Properties", halafu usome kilichoandikwa kwenye kisanduku cha "Target". Shotikati ya kweli ingeonyesha mahali faili lilipo. Hii ya kirusi mara nyingi inaanza na cmd.exe au wscript.exe, inafuata amri ndefu, na katikati yake kuna jina la ajabu linaloishia na .vbs au .js. Mwishoni ndipo limechomekwa jina la folda yako, ndiyo maana folda inafunguka na husituki.

Kuna matatizo mawili yanayofanana na hili ambayo mwongozo huu hauyatibu:

Windows ikisema "You need to format the disk in drive E: before you can use it", hicho si kirusi cha shotikati. Mpangilio wa ndani wa flashi umeharibika. Bofya "Cancel", uichomoe, na uruke hadi sehemu ya "Kama ulishaformati kabla ya kusoma hapa".

Na kama mafaili yapo, yana ukubwa wake wa kawaida, ila yameongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa majina na kuna barua inayodai pesa, huo ni utekaji wa mafaili. Attrib haitafungua kitu hapo.

## Hatua ya 2: Chomoa flashi, safisha kompyuta

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo wanaposhindwa. Toa flashi kabisa. Toa na nyingine zote, pamoja na simu kama imechomekwa.

Zima kinachoendelea. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Ingia "Details" na utafute wscript.exe. Ukiikuta, ichague na ubofye "End task". Zikiwa mbili au tatu, zima zote.

Tahadhari: wscript.exe yenyewe ni mali ya Windows, si kirusi. Ni kama fundi asiyeuliza maswali, anaendesha hati yoyote ya amri (script) anayopewa. Unamsimamisha, humfukuzi. Usiende kuitafuta kwenye folda ya Windows ukaifuta.

Ondoa kinachojiwasha. Humo humo kwenye Task Manager kuna sehemu ya "Startup" au "Startup apps". Hizi ni programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Pitia moja moja. Ukiona yenye jina la herufi zisizo na maana, au iliyoandikwa "Microsoft Windows Based Script Host", ichague na ubofye "Disable". Mtu wa kawaida nyumbani hana sababu ya kuwa na hati inayojiwasha kila asubuhi.

Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika:

shell:startup

Bonyeza Enter. Folda itakayofunguka, kwa watu wengi, huwa tupu au ina kitu kimoja viwili wanavyovifahamu. Faili linaloishia na .vbs, .vbe, .js au .wsf ambalo hukuliweka wewe, lifute. Rudia kwa kuandika %appdata%, lakini humu uwe mwangalifu: folda za programu zako zinakaa humu, usiziguse. Unatafuta hati iliyoachwa peke yake nje ya folda, yenye mojawapo ya viishio hivyo. Kama huoni viishio vya majina, ingia menyu ya "View" na uweke tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 11 iko ndani ya "Show".

Sasisha, halafu chunguza. Fungua "Windows Security", ingia "Virus & threat protection", shuka hadi "Protection updates" na ubofye "Check for updates". Usiruke hili. Kinga ambayo haijasasishwa inatafuta wahalifu wa mwaka juzi.

Kisha ingia "Scan options". Chagua uchunguzi wa nje ya Windows, ule ulioandikwa "Microsoft Defender Offline scan" au "offline scan", halafu "Scan now". Hifadhi kazi zako kwanza, kwa sababu kompyuta itajizima na kuwaka upya. Uchunguzi huu huchukua kama dakika 15. Faida yake ni kwamba unafanyika kabla Windows haijaamka, hivyo kirusi kinakutwa hakijapata nafasi ya kujificha au kujitetea.

Kompyuta ikiwaka tena, fanya na "Full scan". Hii ni ya saa kadhaa kwenye mashine ya zamani. Iache, nenda kapike.

Kama una antivirusi nyingine ambayo leseni yake imekwisha, iondoe kabla ya haya yote. Ilimradi bado imesimama pale ikilalamika kwenye kona ya skrini, inaweza kuizuia ile ya Windows isifanye kazi, na yenyewe haifanyi chochote zaidi ya kukuomba pesa.

Ukifanikiwa utaona hivi: washa kompyuta upya, fungua Task Manager, wscript.exe haipo. Kama nyumbani kuna flashi nyingine isiyo na kitu cha maana, tengeneza folda moja ndani yake, iite jina lolote, na usubiri dakika tano. Folda ikibaki folda, kompyuta imepona. Ikigeuka shotikati, rudia hatua hii kabla ya kwenda mbele. Bora ujue kwa flashi tupu kuliko kwa ile yenye ripoti.

## Hatua ya 3: Chomeka flashi, usiifungue

Chomeka sasa ile yenye mafaili. Kikijitokeza kidirisha kinachouliza unataka kufanya nini, kifunge.

Fungua "This PC" na uangalie flashi imepewa herufi gani. Inaweza kuwa D, E, F au G, inategemea kompyuta. Iandike pembeni. Katika mifano yangu nitatumia E. Wewe weka yako. Nasisitiza kwa sababu kuna watu wamenakili amri yenye E wakati flashi yao ni F, wakasema amri haifanyi kazi.

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya flashi na uchague "Scan with Microsoft Defender". Kwenye Windows 11 unaweza kulazimika kupitia "Show more options" kwanza. Ikikuta kirusi, ruhusu kiondolewe.

Tahadhari, na hii ndiyo inayowaliza watu: baada ya uchunguzi huu flashi inaweza kuonekana tupu kabisa. Antivirusi haijala mafaili yako. Imeondoa shotikati za kirusi, ndizo pekee zilizokuwa zinaonekana. Mafaili halisi bado yamefichwa, na kuyafichua si kazi ya antivirusi. Usiformati. Angalia tena ule mstari wa nafasi iliyotumika. Utakuta hautofautiani na mwanzo.

## Hatua ya 4: Amri yenyewe

Labda ulishajaribu kuweka tiki kwenye "Hidden items" na hukuona kitu. Sababu ni kwamba kirusi hakikuishia kuyaficha mafaili. Kiliyapa pia alama ya kuwa mali ya mfumo. Windows inaficha mali za mfumo kwa tabaka lake la pili, ambalo tiki ile haiondoi. Hivyo tunaziondoa alama zenyewe.

Bofya kitufe cha Windows, andika cmd, na ufungue "Command Prompt". Dirisha jeusi litajitokeza. Andika mstari huu, ukibadili E kuwa herufi ya flashi yako, halafu Enter:

attrib -h -s -r E:\*.* /s /d

Inafaa ujue kila kipande kinafanya nini, kwa sababu makosa karibu yote hutoka kwenye kuruka kimoja.

-h inaondoa alama ya kufichwa. -s inaondoa ile ya mali ya mfumo. Ukiiacha hii, amri itagoma kuondoa hata ile ya kwanza. -r inaondoa alama ya kusomwa tu. E:\*.* maana yake ni kila kitu kilichomo kwenye E. /s inaifanya amri iingie hadi folda za ndani, na /d inaiambia ishughulike na folda zenyewe, si mafaili peke yake. Walioisahau /d ndio wanaosema "picha zimerudi lakini folda hazijarudi".

Nafasi kati ya vipande ni lazima. Ukiandika -h-s-r kama neno moja, amri itakataa. Mstari wa mwelekeo baada ya E: ni ule unaolalia nyuma, \, si huu wa /. Na hakikisha herufi uliyoandika si C. C ni kompyuta yenyewe, na huko kuna vitu vilivyofichwa kwa sababu nzuri.

Ukifanikiwa utaona hivi: hakuna pongezi. Kishale kitapepesa kimya, sekunde chache au dakika kadhaa kama flashi imejaa, halafu mstari mpya wa kuandikia utarudi. Kimya hicho ndicho mafanikio. Usifunge dirisha kabla mstari haujarudi ukidhani imeganda.

Ukiona ujumbe kwamba imekataliwa kuingia "System Volume Information", usijali. Hiyo ni folda ya Windows, imo karibu kwenye kila flashi iliyowahi kuchomekwa kwenye Windows. Ikijitokeza baada ya amri, iache ilivyo. Si kirusi, ingawa jina lake linatisha.

Sasa fungua flashi kwa "This PC". Folda zako za njano zitakuwa zimerudi, pengine zikiwa zimesimama ubavuni mwa shotikati zenye majina yale yale. Zile zisizo na mshale ndizo zako.

## Hatua ya 5: Folda isiyo na jina

Hali nyingine inawachanganya watu: amri imepita salama, lakini unaona folda moja tu, na haina jina. Ikoni ipo, chini yake peupe.

Usiifute! Baadhi ya virusi hivi vinatengeneza folda yenye jina la herufi isiyoonekana, vinahamishia humo kila kitu chako, kisha vinaificha. Ifungue, mafaili yako yote yamo ndani. Huna haja ya kuhangaika kuipa jina. Unanakili kilichomo, basi.

## Hatua ya 6: Hamisha kilicho chako

Tengeneza folda mpya kwenye kompyuta, iite "Kutoka flashi". Rudi kwenye flashi, panga vitu kwa safu ya "Type" ili shotikati zikae pamoja, na uchague vya kwako tu: folda halisi, hati za Word na PDF, picha, video, muziki. Nakili, kisha ubandike kwenye folda mpya.

Usinakili vyenye mshale. Usinakili chochote kinachoishia na .vbs, .vbe, .js, .wsf, .bat au .exe ambacho hukukiweka wewe. Na uwe mkali na faili lenye ikoni ya folda lakini kwenye "Type" limeandikwa "Application". Folda haiwezi kuwa programu. Hilo limejivika tu.

Nakili badala ya kukata. Ukikata na umeme ukakatika katikati, utakuwa na nusu huku na nusu kule, na hutajua ipi ni ipi.

Kisha fungua mafaili matatu manne ya muhimu moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta na uyatazame ndani, siyo jina tu. Ile hati unayoihitaji kesho asubuhi ndiyo ifunguliwe ya kwanza. Linganisha na ukubwa wa jumla: bofya kulia kwenye folda mpya, "Properties", uone kama GB zake zinakaribiana na zilizokuwa zimetumika kwenye flashi.

Halafu chunguza folda hiyo mpya kwa Defender kama ulivyofanya kwa flashi.

## Hatua ya 7: Sasa ndiyo uformati

Baada ya kuhakikisha mafaili yapo na yanafunguka, ushauri wa "iformati" unakuwa sahihi. Unaweza kufuta shotikati kwa mkono, lakini kubakisha kijifaili kimoja ni rahisi mno, na kuformati kunamaliza mjadala.

Bofya kulia juu ya flashi, chagua "Format". Itatokea sehemu ya "File system", yaani namna flashi itakavyopanga mafaili. Kama flashi inaenda kuchezeshwa kwenye redio ya gari au televisheni ya zamani, chagua FAT32, ila ujue haipokei faili moja lenye ukubwa wa GB 4 na kuendelea. Vinginevyo chagua exFAT. Acha tiki ya "Quick Format" ilivyo, soma herufi ya flashi mara ya pili, ndipo ubofye "Start".

Rudisha mafaili, halafu toa flashi kwa "Eject". Ichomeke tena baada ya dakika moja. Folda zikiwa folda, umemaliza.

## Kama huna kompyuta

Una simu ya Android na ule waya mfupi wa OTG, wa kuchomekea flashi kwenye simu? Basi unaweza kuyaokoa mafaili bila kuandika amri yoyote, na kwa mtu aliyebanwa na muda napenda njia hii kuliko zote.

Alama zile za kuficha ni makubaliano ya Windows. Android haizijali. Ukichomeka flashi kwenye simu na kuifungua kwa programu ya mafaili, utaona folda zako zikiwa wazi pamoja na hizo shotikati na kile kijifaili cha .vbs. Na kirusi hiki kimeandikwa kwa ajili ya Windows, hivyo kwenye simu hakiwezi kujiendesha. Nakili mafaili yako kwenye simu au uyatume kwa barua pepe, umeokoka kwa leo.

Mambo mawili ya kuangalia. Baadhi ya simu, kwa mfano za OPPO na vivo, hazisomi flashi hadi uwashe OTG kwenye mipangilio. Na kama flashi iliformatiwa kwa NTFS, mpangilio mwingine wa Windows, simu nyingi zitakataa kuisoma.

Kompyuta iliyoambukizwa bado utalazimika kuisafisha. Simu imeokoa mafaili, haijamtibu mgonjwa.

## Kama ulishaformati kabla ya kusoma hapa

Usiandike kitu chochote kipya kwenye flashi hiyo. Kuformati kwa haraka hakufuti yaliyomo, kunafuta orodha yake tu. Kinachoyaua kabisa ni mafaili mapya yanayolala juu yake.

Pakua Recuva au PhotoRec, programu za kufukua mafaili yaliyofutwa, kwenye kompyuta, si kwenye flashi, na uielekeze iokoe kuja kwenye kompyuta. PhotoRec ni ya bure na inafukua sana, hata kwenye flashi ambayo Windows inadai iformatiwe, ila inarudisha mafaili bila majina yake. Jiandae kufungua hati mia moja kutafuta moja. Mafaili yaliyorudi nusu nusu hayatengenezeki, usipoteze usiku wako hapo.

## Ukienda tena kuprinti

Wenye maduka ya kuprinti si wabaya. Kompyuta moja inapokea flashi za mtaa mzima kutwa nzima, na foleni ikiwa ndefu hakuna anayesimamisha kazi aanze "Full scan". Kwa hiyo jilinde mwenyewe.

Usiende na flashi yenye maisha yako yote. Weka flashi moja ndogo ya mtaani, ndani yake PDF ya leo peke yake, na ukirudi nyumbani iformati bila hata kuifungua.

Kama una memori kadi na adapta yake kubwa, tazama ubavuni: kuna kijiswichi kilichoandikwa "Lock". Kisukume kabla ya kumpa mhudumu. Kompyuta nyingi zitaisoma kadi lakini hazitaweza kuandika kitu, hivyo kirusi hakipati pa kukaa.

Njia nyepesi zaidi ni kutuma PDF kwa barua pepe au WhatsApp ya duka lenyewe, bila kuchomeka kitu. Ukilazimika kufungua WhatsApp yako kwenye kompyuta yao, basi kabla hujainuka kwenye kiti fungua simu, ingia "Linked devices", na uiondoe kompyuta hiyo. La sivyo mteja anayefuata, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho tu, ataanza kufuatilia michango ya kamati yenu ya harusi na kujua nani ameahidi na hajatoa.